Operesheni ya kwanza ya nyonga ikishindwa: kukubali proteze ao kungojea?

Kwa mtu mwenye drepanositozi, ugonjwa ambao wengi kwetu wanauita SS, operesheni ya kutoboa mfupa wa nyonga inaleta tumaini kubwa: kubaki na kiungo alichozaliwa nacho. Lakini kwa wagonjwa wengi maumivu yanarudi, kwa mwingine baada ya mwaka mmoja, kwa mwingine baada ya mitano. Picha mpya inaonyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimebonyea. Hapo daktari wa mifupa anataja neno ambalo jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Beni ao Uvira haziko tayari kulisikia juu ya mtoto wao wa miaka 25 ao 30: proteze.

Proteze maana yake ni kukata kile kichwa cha mfupa kilichoharibika na kuweka nyonga ya kutengenezwa. Ni operesheni isiyokuwa na kurudi nyuma. Inakula feza nyingi, inahitaji damu, inahitaji chumba cha upasuaji kilicho safi sana, na inamfunga mgonjwa na waganga wake kwa miaka yote inayofuata. Lakini kungojea pia kuna bei yake: mguu unaozidi kuwa mfupi, mgongo unaoanza kuuma, kazi inayopotea, na vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku mpaka vinaharibu tumbo na figo.

Kati ya njia hizo mbili, mgonjwa na jamaa yake wanapaswa kuchagua. Kuna mambo yanayoweza kuwasaidia kuchagua vizuri.

Mfupa unaokufa kwa kukosa damu

Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, chembe nyekundu za damu ni za mviringo na laini. Kwa mwenye drepanositozi, zinageuka ngumu na kupindika kama mundu, na zinakwama ndani ya mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja, ile tufe inayozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, kinalishwa na mishipa michache na myembamba. Mishipa hiyo ikizibwa, sehemu ya mfupa inakufa. Waganga wanaita hali hiyo nekrozi.

Mfupa uliokufa hauvunjiki siku hiyohiyo. Unabaki umesimama kwa miezi ao miaka, kama nguzo ya mti iliyoliwa na mchwa ndani huku nje ikionekana nzima. Siku moja uzito wa mwili unaushinda, unabonyea. Tufe haiko mviringo tena, na kila hatua inasugua kikombe.

Drepanositozi si sababu pekee. Pombe nyingi kwa miaka mingi inaweza kuleta nekrozi. Dawa za kortikoidi kama deksametazoni na prednizoloni zinaweza pia kuileta, na kuna watu wanaozimeza bila karatasi ya daktari, kwa sababu tu wanataka kunenepa. Ajali ya moto inayovunja shingo la mfupa wa paja ao kutegua nyonga nayo inaweza kukata njia ya damu.

Hata hivyo, katika RDC drepanositozi ina uzito wa pekee. Daktari Léon Tshilolo na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 2009, walipima watoto wachanga 31 204 mjini Kinshasa. Karibu 1,4% walizaliwa na SS, na karibu 17% walikuwa wanabeba chembe ya urithi ya ugonjwa bila wao wenyewe kuwa wagonjwa. Miaka kumi baadaye, Daktari Tshilolo aliongoza orodha ya waandishi wa utafiti mkubwa uliofanywa katika RDC, Angola, Kenya na Uganda, uliojulikana kwa jina REACH. Ulionyesha kwamba dawa ya hidroksiuree inaweza kupewa watoto wa Afrika wenye SS bila hatari kubwa, na kwamba inapunguza mashambulizi ya maumivu, malaria, hitaji la kuongezewa damu, na vifo.

Hiyo ni habari njema, na inabeba jambo lingine ndani yake. Watoto wa SS ambao zamani walikuwa wanakufa mapema, sasa wengi zaidi wanakua. Wanasoma, wanafungua maduka, wanaoa na kuolewa. Na katika utu uzima wao, nyonga ni moja ya viungo vya kwanza kuwasaliti. Watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu wenye SS wanakuwa na nekrozi ya nyonga kabla ya kufika miaka 35 ao karibu na hapo. Mara nyingi inagusa pande zote mbili.

Kutoboa ili kuokoa

Operesheni ya kuokoa kiungo inayofanywa zaidi ni kutoboa mfupa. Wafaransa wawili wa Toulouse, Paul Ficat na Jacques Arlet, ndio walioitangaza katika miaka ya 1960. Daktari anapitisha chombo kutoka upande wa paja, kupitia shingo la mfupa, mpaka kwenye sehemu iliyokufa. Shabaha ni kupunguza msukumo ulio ndani ya mfupa, kutuliza maumivu, na kufungulia damu mpya njia ya kupita.

Wengine wanaongeza kitu ndani ya tundu hilo. Huko Créteil, karibu na Paris, Profesa Philippe Hernigou alitoa uboho kwenye mfupa wa kiuno cha mgonjwa mwenyewe, akakusanya chembe zake zenye uwezo wa kujenga mfupa, kisha akazidunga kwenye nyonga. Wengine wanapandikiza kipande cha mfupa, ao wanakata mfupa wa paja na kuugeuza ili sehemu nzima ndiyo ibebe uzito.

Njia hizi zote zina sharti moja: tufe iwe bado ya mviringo. Ficat aligawa ugonjwa katika hatua nne, na waganga wengi wanazitumia mpaka leo. Katika hatua ya kwanza radiografi inaonyesha mfupa wa kawaida, na IRM peke yake ndiyo inayoona tatizo. Katika hatua ya pili radiografi inaonyesha madoa, lakini tufe ingali mviringo. Katika hatua ya tatu tufe imebonyea. Katika hatua ya nne hata kikombe kimeharibika.

Shida ya kwetu iko hapo. IRM ni ngumu kupata kwa wakaaji wengi wa mashariki, na maumivu ya nyonga kwa mtu wa SS yanachukuliwa kuwa ni shambulizi la kawaida. Anapewa maji ya mshipani na dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Anapofika kwa daktari wa mifupa, mara nyingi hatua ya pili imekaribia kwisha ao imekwisha kupita. Kutobolewa kwa wakati huo ni kama kupiga ukuta rangi huku msingi umekwisha kuzama.

Hata kwa anayewahi, hakuna uhakika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2006 ulilinganisha makundi mawili ya wagonjwa wa SS ambao nyonga zao zilikuwa hazijabonyea. Kundi moja lilitobolewa mfupa na kufanya kineziterapi, lingine lilifanya kineziterapi peke yake. Baada ya miaka mitatu hivi, makundi hayo yalikuwa karibu sawa. Hernigou naye, mwaka wa 2003, alichapisha matokeo ya watu wazima wa SS waliokuwa na maumivu ya nyonga bila matibabu yoyote ya mfupa: zaidi ya nyonga nane kati ya kumi zilibonyea ndani ya miaka mitano.

Maana ya hesabu hizo kwa mgonjwa ni hii: operesheni ya kwanza ikishindwa, si lazima kuwe na mwenye kosa. Si yeye aliyetembea mapema, wala si lazima daktari alikosea, wala hakuna jirani aliyemroga. Ugonjwa wenyewe una nguvu. Jamaa inayotumia miezi sita kutafuta nani alileta shida inapoteza muda ambao ulipaswa kutumiwa kutayarisha hatua inayofuata.

Mambo matatu ya kupima

Jambo la kwanza ni picha. Kama tufe haijabonyea na maumivu yamerudi kidogo, bado kuna nafasi ya kungojea, kutumia fimbo, kufanya kineziterapi na kupiga radiografi nyingine baada ya miezi michache. Kama imebonyea, kutoboa mara ya pili hakusaidii. Hakuna tundu linaloweza kurudisha umbo la mviringo. Mgonjwa anayeambiwa arudie operesheni ileile wakati mfupa umekwisha kuanguka ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine.

Jambo la pili ni maisha. Radiografi peke yake haitoshi kumpeleka mtu kwenye meza ya upasuaji. Wapo wenye picha mbaya ambao bado wanatembea na kufanya kazi. Wapo wengine wenye picha isiyotisha sana ambao hawalali. Daktari mzuri atauliza: unatembea dakika ngapi kabla ya kusimama? Maumivu yanakuamsha usiku? Unaweza kuvaa viatu mwenyewe? Unapanda ngazi namna gani? Unameza vidonge vingapi kwa siku?

Tuchukue mfano wa watu wawili wenye picha inayofanana. Mmoja ni fundi cherehani mwenye miaka 28. Anakaa kwenye kiti siku nzima, maumivu yanamkamata jioni tu, na kidonge kimoja kinamtosha. Huyo anaweza kungojea mwaka ao zaidi huku akifuatwa na daktari wake. Wa pili ni mama wa miaka 33 anayeuza ndizi. Hawezi tena kufika sokoni, watoto ndio wanamchotea maji, na usiku analala ameketi. Kumwambia huyu mama angoje mpaka afike miaka 50 ni kumhukumu aishi miaka 17 ndani ya nyumba. Picha zao zinafanana, lakini jibu haliwezi kuwa moja.

Jambo la tatu ni utayari: hali ya damu, kutokuwa na ambukizo mwilini, feza za operesheni na za baada yake, mtu wa kumsaidia nyumbani, na mahali pa kurudi kama shida itatokea. Jambo hili la tatu mara nyingi ndilo linasahauliwa, na ndilo linaloamua kama proteze itadumu ao itageuka msiba.

«Ungali kijana sana»

Neno ambalo wagonjwa wa miaka 20 na 30 wanasikia zaidi ni hilo. Lina sababu yake. Proteze ya nyonga ya kisasa ilitoka kwa Mwingereza John Charnley, ambaye mwaka wa 1962, katika hospitali ya Wrightington, alianza kutumia kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Kitu kinachosuguliwa kinaisha. Wakati huo proteze ilipewa hasa wazee, ambao hawakuitumia miaka mingi sana.

Vifaa vimebadilika. Plastiki inayotumiwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 inasagika polepole zaidi. Mwaka wa 2019 watafiti wa Bristol, Uingereza, walikusanya hesabu za nchi zinazoandika kila proteze inayowekwa. Walikuta kwamba kati ya proteze 100 za nyonga, karibu 89 zilikuwa zingali mahali pake baada ya miaka 15, karibu 70 baada ya miaka 20, na karibu 58 baada ya miaka 25.

Lakini hesabu hizo zisomwe kwa uangalifu. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wenye umri mkubwa, katika nchi tajiri, na si watu wa SS. Kijana anatembea zaidi, anabeba zaidi, na ana miaka mingi zaidi mbele yake. Mwenye SS ana mfupa dhaifu na hatari kubwa zaidi ya ambukizo. Kwa hiyo mtu wa miaka 28 anayekubali proteze leo apaswa kujua wazi kwamba huenda itabadilishwa mara moja, pengine mara mbili, katika maisha yake. Na operesheni ya kubadilisha ni ngumu kuliko ya kwanza: mfupa unakuwa umepungua, damu inayopotea ni nyingi zaidi, na bei inapanda.

Waganga wa mifupa leo hawachukui tena umri kuwa mlango uliofungwa. Wanauchukua kama sababu ya kufikiri mara mbili. Miaka ya ujana iliyopotea kwenye kitanda nayo hairudi. Kuna hatari pia katika kungojea kupita kiasi: misuli ya paja inakauka, kiungo kinakakamaa, mguu unakuwa mfupi, na nyonga nyingine inayobeba uzito wote inaweza kubonyea kabla ya wakati wake. Operesheni inayofanywa mwisho wa yote hayo inakuwa ngumu zaidi, na kurudi kutembea kunachukua muda mrefu.

Hatari za pekee kwa mtu wa SS

Proteze kwa mgonjwa wa drepanositozi si operesheni ileile anayofanyiwa mzee mwenye nyonga iliyochakaa. Wanaohusika ni watu wengi: daktari wa mifupa, daktari anayejua damu, mtaalamu wa anestezi, na benki ya damu.

Damu ndiyo ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013, uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na Kanada, ulisimamishwa kabla ya kumalizika. Sababu: wagonjwa wa SS ambao hawakuongezewa damu kabla ya upasuaji walipata matatizo makubwa mara nyingi zaidi, hasa ya mapafu, kuliko walioongezewa. Kwa kawaida waganga wanatafuta hemoglobini ya karibu gramu 10 kwa desilita. Kupita hapo sana nako si vizuri, kwa sababu damu inakuwa nzito. Na kwa mtu aliyeongezewa damu mara nyingi tangu utoto, kulinganisha makundi ya A, B na O hakutoshi. Mwili wake unaweza kuwa umejenga ulinzi dhidi ya alama nyingine za damu, na lazima maabara ipime hilo mapema, si usiku wa kuamkia operesheni.

La pili ni ambukizo. Watu wa SS wanashambuliwa kirahisi na vijidudu kama salmonela na stafilokoko, na vijidudu hivyo vinapenda kujificha kwenye mfupa uliokufa. Vikifika kwenye proteze, mara nyingi inabidi kuitoa yote, kutibu kwa wiki nyingi, na kuweka nyingine ao kuacha bila kitu. Ndiyo sababu jino bovu, kidonda cha mguu kisichopona, ambukizo la mkojo na malaria vinapaswa kutibiwa kabla. Na kama nyonga iliyotobolewa iliwahi kutoka usaha, ao mgonjwa aliwahi kuambukizwa mfupa, ni lazima daktari ajue, hata kama imepita miaka kumi.

La tatu ni mfupa wenyewe. Kwa wagonjwa hawa, njia ya ndani ya mfupa wa paja mara nyingi imekuwa nyembamba na ngumu kama jiwe. Shina la proteze linapaswa kuingia humo, na mfupa unaweza kupasuka likiingizwa kwa nguvu. Daktari asiyejua hilo mapema atalijua mgonjwa akiwa tayari mezani.

Operesheni ya kwanza nayo inaacha alama. Kutobolewa kwa kawaida hakuharibu sana kazi ya baadaye. Lakini kama kulikatwa mfupa na kuugeuza, ama kama kulibaki misumari, bamba ao fimbo ya chuma ndani, umbo la mfupa limebadilika na vyuma hivyo inabidi vitolewe kwanza. Kwa hiyo ripoti ya operesheni ya kwanza ni karatasi ya thamani. Mgonjwa aiombe, aihifadhi pamoja na picha zake zote, na asafiri nazo.

Wapi, na kwa feza gani?

Mashariki mwa RDC kuna ujuzi wa mifupa. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, kwa mfano, ilianzishwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Jo Lusi. Vita na ajali vimewalazimisha waganga wa Kivu kutibu mifupa iliyovunjika kila siku. Lakini proteze ya nyonga kwa mtu wa SS ni kazi nyingine: inahitaji vipimo mbalimbali vya vifaa vikiwa tayari, hewa safi ndani ya chumba, na mkono uliozoea kazi hiyohiyo. Ndiyo maana wagonjwa wenye uwezo wanavuka mpaka kwenda Kigali ao Kampala, wengine wanafika Nairobi, na wengine wanauza kiwanja ili wafike India.

Hali ya usalama imeongeza mzigo. Mapema mwaka wa 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa AFC/M23, banki zilifunga milango na ndege zilisimama kwenye uwanja wa Goma. Jamaa zilizokuwa na feza kwenye konti hazikuweza kuzigusa, na njia ya moja kwa moja ya kwenda kutibiwa Kinshasa ilikatika. Mgonjwa anayeamua kuhusu proteze katika hali kama hiyo apaswa kupanga safari mbili, si moja: ya kwenda kufanyiwa operesheni, na ya kurudi kwa daktari haraka kama kidonda kitatoa maji ao mguu utateguka.

Kuhusu feza, kosa linaloumiza jamaa nyingi ni kuuliza bei ya chuma peke yake. Bili ya kweli ina proteze, chumba cha upasuaji, anestezi, damu na vipimo vyake, siku za hospitali, antibiotiki, dawa za kuzuia damu kuganda, kineziterapi ya miezi kadhaa, usafiri, chakula na nyumba ya mlinda mgonjwa. Na inapaswa kubaki akiba. Wengi wa wakaaji hawana bima, na mutuelle nyingi za afya zina kikomo cha kile zinacholipa. Jamaa ikusanye feza zote kabla ya kupanga tarehe. Mgonjwa anayetoka hospitali bila feza za kineziterapi amelipa nyonga mpya bila kupata mguu unaotembea.

Nyumba inayobadilika

Baada ya operesheni, maumivu ya ile nekrozi kwa kawaida yanaisha mapema. Wagonjwa wengi wanasimama siku ya kwanza ao ya pili kwa msaada wa magongo. Lakini miezi mitatu ya kwanza ni ya hatari, kwa sababu tufe mpya inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kulingana na njia aliyopitia daktari, mgonjwa anaweza kukatazwa kuinama sana, kupandisha mguu mmoja juu ya mwingine, ao kuketi chini kuliko magoti yake.

Kwetu katazo hilo linagusa kila kitu. Choo cha kuchuchumaa kinahitaji kiti chenye tundu, ambacho seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kwa mbao chache. Kigoda cha jikoni kinabadilishwa na kiti kirefu. Mama aliyezoea kufua ameinama juu ya beseni anaweka beseni juu ya meza. Kupiga magoti kanisani ao kusujudu msikitini kunangoja ruhusa ya daktari, na anayesali anaweza kusali ameketi. Nyuma ya pikipiki si mahali pa mtu aliyefanyiwa operesheni wiki nne zilizopita. Kulima kwa jembe la mkono, kubeba magunia na kusukuma chukudu ni kazi za kujadiliana na daktari kabla, kwa sababu zinaweza kufupisha maisha ya proteze.

Haya yote yazungumzwe nyumbani kabla ya tarehe ya operesheni, na wakubwa wa jamaa wawepo. Kwa dada aliyeolewa, mume na mama mkwe wasikie wenyewe maneno ya daktari, ili asije akalaumiwa kuwa mvivu anapokataa kuinama.

Maswali ya kubeba kwa daktari

Kuuliza si kumkosea muganga heshima. Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa anaweza kuyaandika maswali haya kwenye karatasi na kuingia nayo:

Dokta, nyonga yangu iko katika hatua gani, na nikingoja mwaka mmoja nitapoteza nini? Umeweka proteze kwa watu wa SS mara ngapi, na walikuwa na shida gani? Nani atasimamia damu yangu, na maabara imekwisha kuilinganisha? Utaweka aina gani ya proteze, na je, nitapewa karatasi yenye jina na namba yake, ili daktari mwingine aweze kuibadilisha siku moja? Nyonga ya upande wa pili iko namna gani? Nikipata homa ao kidonda kikitoa maji nikiwa nyumbani, nimpigie nani simu?

Daktari anayejibu bila kukasirika, na anayekubali kusema «hapa kwetu hatuwezi, nenda kule», amemsaidia mgonjwa tayari.

Kwa yule ambaye leo hana feza, ao damu yake haijawa tayari, kungojea si lazima kuwe kukata tamaa. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, kwa sababu hapo ndipo inapunguza uzito juu ya nyonga mgonjwa. Mazoezi ya kila siku yanalinda misuli itakayohitajika siku ya operesheni. Maji ya kunywa ya kutosha, kujikinga na baridi, asidi foliki, chandarua, na hidroksiuree kama daktari ameiandika, vinalinda mwili mzima. Radiografi ya nyonga zote mbili inaweza kugundua ugonjwa kwenye upande ambao bado hauumi, wakati tufe ingali mviringo na kuna kitu cha kuokoa.

Kwa wazazi wenye mtoto wa SS anayelalamika maumivu ya kinena ao ya goti wakati wa kutembea, hata siku ambayo hana shambulizi, kuna jambo moja la kukumbuka: nyonga inayougua inaweza kuuma kwenye goti. Mtoto huyo apigwe picha ya nyonga, si ya goti peke yake.